Maziwe kutoka Tanga: mwongozo wa anayekwenda mara ya kwanza

Likizo ikikaribia, simu yangu haitulii. Binamu wa Dodoma, rafiki wa mke wangu aliye Moshi, kijana niliyewahi kufanya naye kazi, wote maswali yao ni yaleyale. Maziwe kunafikikaje? Kasa tutawaona? Boti tukodi wapi? Tulale wapi? Nimeona niyajibu yote mahali pamoja, ili hata wewe ambaye hatujuani yakufae.

Kwanza ujue unakwenda kuona nini. Maziwe ni fungu la mchanga mweupe lililozungukwa na matumbawe, kilomita zipatazo 8 kutoka pwani ya Pangani, kusini mwa mji wa Tanga. Hakuna nyumba, hakuna duka, hakuna hata mti mmoja wa kukupa kivuli. Wazee wa Pangani wanakikumbuka kisiwa hiki kikiwa na mivinje mirefu, na kasa wakipanda kutaga kwa wingi kuliko mahali pengi pa pwani yetu. Bahari ikakila kidogo kidogo, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 mivinje yote ilikuwa imekwenda na maji. Leo bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, likijaa, kisiwa kizima huzama. Hilo ndilo linaloamua siku yako ya kwenda, saa ya kuondoka na hata pa kulala. Likariri kabla hujafunga mzigo.

Tenga siku tatu. Mbili zinawezekana, lakini utakuwa unakimbizana na magari badala ya kutazama ulichokifuata. Watu wa Tanga tunasema "waja leo waondoka leo", nawe usije ukawa mmoja wao.

Vitu vya kuwa navyo

- Kalenda yenye tarehe za mwezi mwandamo. Ile ya Kiislamu inayobandikwa ukutani inatosha kabisa.
- Pesa taslimu, utoe ukiwa bado Tanga mjini. Ukishavuka Mto Pangani kwenda Ushongo, kijiji cha ufukweni utakakolala, usitegemee mashine ya benki.
- Kitambulisho chako. Ada ya Mtanzania na ya mgeni hazilingani, na bila kitambulisho utabishana bure.
- Shati jepesi la mikono mirefu, kofia yenye kamba, na kanga au kikoi.
- Yeboyebo au viatu vingine vya kuingia navyo majini. Usiende na ndala. Zinavuka mguuni na kuelea.
- Maji ya kunywa, lita tatu kwa kila mtu kwa siku ya kisiwa.
- Ndoo ndogo yenye mfuniko unaobana. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini Juni 2019, na kwa kweli ndoo ni bora zaidi: simu, pesa na nguo kavu zinakaa humo, na ikianguka majini inaelea.
- Miwani ya kuzamia na mrija wake, kama unavyo. Kama huna, nyumba nyingi za wageni Ushongo hukodisha.

Hatua ya 1: Tazama mwezi kabla ya kuomba likizo

Wengi huchagua tarehe kwanza, halafu ndipo wanauliza habari za maji. Geuza utaratibu huo.

Bahari yetu hupwa mara mbili na kujaa mara mbili kwa siku. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu tunapata bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti kati ya kujaa na kupwa hufika mita tatu na nusu au zaidi. Mwezi ukiwa nusu tunapata maji mafu, ambayo hayajai sana wala hayapwi sana.

Kwa bahati njema, bamvua la pwani hii hupwa kabisa asubuhi, karibu saa nne. Kesho yake huchelewa kwa dakika 40 hadi 50, na keshokutwa vivyo hivyo. Kwa hiyo siku nzuri za Maziwe ni kuanzia tarehe 29 ya mwezi mwandamo hadi tarehe 3 ya mwezi unaofuata, na tena tarehe 14 hadi 17. Ukienda siku hizo utafika mchanga ukiwa umetandaa, jua halijawa kali, na utakuwa na muda wa saa tatu hivi wa kukaa kabla maji hayajaanza kuurudia mchanga.

Mwaka mmoja nilimpeleka mama mkubwa na wajukuu wake. Nilifuata likizo ya shule tu. Mwezi ulikuwa nusu, tukaondoka saa nne asubuhi maji yakijaa, na kufika tulikuta ukanda mwembamba wa mchanga usiotosha hata kutandika jamvi, nao unazidi kupungua. Nahodha tuliyemkodi alilijua hilo tangu ufukweni, akanyamaza kwa sababu alitaka nauli yake. Tulikaa robo saa, tukarudi. Mama mkubwa, mzaliwa wa kijiji cha pwani cha Kigombe, aliniuliza tukiwa njiani: "Kwani mwanangu hukuutazama mwezi jana usiku?"

Hatua ya 2: Chagua msimu

Masika, yaani kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Mei, usiende. Mvua ni nyingi, bahari inachafuka na chini ya maji huoni kitu. Kusi linapovuma kwa nguvu, hasa Juni na Julai, safari huahirishwa mara kwa mara. Nyakati ninazozipenda ni maleleji ya Oktoba na Novemba, upepo unapotulia kabla ya kubadilika, na miezi ya kaskazi, Desemba hadi Februari, ambapo asubuhi huwa shwari ingawa mchana upepo huamka. Kati ya Julai na Oktoba nyangumi hupita pwani hii, kwa hiyo atakayevumilia mawimbi ya Septemba anaweza kubahatika.

Hatua ya 3: Toka Tanga asubuhi, ushuke Tongoni

Tanga hadi Pangani ni kilomita zipatazo 50. Panda gari la asubuhi, umwambie konda mapema akushushe Tongoni, karibu kilomita 20 kutoka mjini. Usimwambie mkiwa mmeshafika, atakupitiliza.

Magofu ya Tongoni yako kando ya bahari, mwendo mfupi kutoka barabarani. Kuna msikiti mkubwa wa mawe ya matumbawe na makaburi zaidi ya 40, mengi yakiwa na nguzo, ya karne ya 14 na 15. Tazama vishimo vya mviringo kwenye nguzo: humo yalipachikwa mabakuli ya Kichina, mapambo ya mji uliokuwa ukifanya biashara na dunia. Mji wenyewe uliitwa Mtang'ata. Vasco da Gama alipokuwa akirudi kutoka Bara Hindi, Januari 1499, aliichoma moto merikebu yake moja, São Rafael, kwenye mafungu ya huku, kwa kuwa mabaharia waliobaki hai hawakutosha kuendesha merikebu tatu.

Lipa kiingilio, udai risiti, umsikilize mwongozaji. Usiketi juu ya makaburi ili upigwe picha. Ni kosa ninaloliona kila ninapopeleka wageni, na wenyeji huumia ingawa wanakaa kimya. Waliolala pale ni wazee wao.

Saa moja na nusu inatosha. Rudi barabarani usubiri gari lijalo. Mkipita Kigombe, ujue mko kwenye mwambao wa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, iliyoanzishwa mwaka 2009 baada ya wavuvi wa huku kuanza kumnasa samaki huyo wa kale kwenye nyavu za kina kirefu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Huwa naulizwa kama anaonekana kwa kuzamia. Haonekani; anaishi kwenye kina kirefu mno.

Hatua ya 4: Amua pa kulala

Una chaguo mbili. Pangani mjini kuna nyumba za wageni za bei nafuu, chakula kipo, na kila kitu kinafikika kwa miguu. Ushongo iko ng'ambo ya mto, kusini, na ina ufuko mrefu wa minazi, utulivu, na boti zinazolala mbele ya dirisha lako. Kwa anayekwenda mara ya kwanza nashauri usiku wa kwanza na wa pili ulale Ushongo, wa tatu mjini.

Mto Pangani huvukwa kwa pantoni hadi Bweni, kisha unachukua bodaboda. Daraja kubwa limekuwa likijengwa hapo. Ukikuta linapitika, pita. Kwa pantoni, vuka kabla giza halijaingia. Patana na bodaboda kabla hujapanda, umwambie kama una mizigo.

Hatua ya 5: Tafuta nahodha, si boti

Ifanye kazi hii jioni ya siku ya kwanza, usingoje asubuhi. Nyumba ya wageni inaweza kukutafutia, au ushuke mwenyewe ufukweni wavuvi wanaporudi. Salimia kwanza, kaa kidogo, uulize habari za bahari. Biashara baadaye.

Swali langu la kwanza huwa hili: "Shikamoo nahodha, kesho maji yanakupwa saa ngapi?" Nahodha wa kweli hujibu bila kutazama simu. Akisitasita, au akisema "muda wowote tu mnaenda," mshukuru uendelee kutafuta.

Kisha tazama kwa macho yako:

- Maboya ya kuvaa, moja kwa kila abiria, na kamba zake zifunge. Yahesabu. Usikubali "mengine yako nyumbani".
- Mashine iwashwe mbele yako, na dumu la petroli ya akiba liwepo.
- Kasia, nanga, kopo la kutolea maji botini, na turubai la kivuli.
- Msaidizi mmoja. Nahodha akiwa peke yake nanga hushushwa ovyo, tena juu ya matumbawe.

Bei hupatanwa kwa chombo kizima, si kwa kichwa, kwa hiyo mkiwa watu sita mnalipa nafuu kuliko wawili. Hubadilika na bei ya petroli, ndiyo maana siitaji hapa. Uliza wawili watatu uipate ya kawaida. Toa nusu kwa ajili ya mafuta, nusu mkisharudi salama. Mkubaliane wazi kama ada ya hifadhi na chakula vimo au havimo. Ugomvi mwingi ninaousikia unaanzia hapo.

Ikiwa siku yako ni Ijumaa, kumbuka nahodha ana sala. Ondokeni mapema mrudi kabla ya saa sita, au mpange Jumamosi. Mwezi wa Ramadhani safari zipo, ila usile wala kunywa mbele yake bila sababu. Maji mnywe kwa staha.

Hatua ya 6: Lipia ada ya hifadhi

Maziwe ni eneo tengefu la bahari, chini ya Kitengo cha Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu. Malipo hufanywa kwa namba ya malipo ya serikali, na nyumba za wageni zimezoea kuwasaidia watu. Lipia siku moja kabla, ubaki na risiti. Ukiambiwa "tutalipana hukohuko mkononi," kataa.

Hatua ya 7: Siku ya kisiwa

Kula kitu chepesi asubuhi: mahamri mawili, chai ya tangawizi. Mtu mwenye njaa hutapika zaidi kuliko aliyekula kidogo. Ingieni botini saa mbili na nusu hivi kama maji yanakupwa saa nne, na mvae maboya tangu ufukweni. Mwendo ni nusu saa hadi saa nzima, kutegemea mashine na bahari. Kaa katikati, tazama upeo wa macho, usishughulike na simu. Pomboo huonekana njiani mara nyingi. Mwombe nahodha apunguze mwendo aende sambamba nao, asiwakatize mbele.

Kufika, usikimbilie majini. Zunguka kwanza mchanga mzima kwa miguu, utazame membe, wale ndege wa baharini, wametua upande gani, ukae upande mwingine. Ukiwarusha mara kwa mara hawarudi, nao hawana pengine pa kupumzikia. Kaa wadogo weupe watakutangulia kama vivuli. Kuna utulivu fulani pale ambao sijaupata kwingine: pande zote maji, na rangi zinabadilika kila wingu likipita, buluu, kijani, kisha nyeupe ya mchanga chini. Mpe mtoto dakika kumi za kunyamaza na kutazama hayo kabla hujampa miwani.

Ukiingia kwenye matumbawe, zingatia haya:

- Ingia wawili wawili. Asiyejua kuogelea asitoe boya, hata kama maji ni ya kiunoni.
- Elea juu, usisimame. Tumbawe ni kiumbe hai; unachokivunja kwa kisigino kilichukua miaka mingi kukua.
- Usiguse miba mieusi mirefu iliyo kwenye mianya ya miamba. Na unapotembea mchangani majini, buruta miguu badala ya kuinua, ili samaki taa aliyelala chini ashtuke aondoke.
- Kombe na makoa yaache yalipo. Ni marufuku kuyachukua hapo.
- Paka mafuta ya jua nusu saa kabla ya kuingia, au uvae shati tu. Mimi huvaa shati.

Nahodha akisema "twendeni," inukeni. Usimwombe dakika kumi zaidi. Bamvua linaporudi huja kwa kasi, na mchana upepo huongezeka. Anayeondoka kwa wakati hurudi bila kulowa. Takataka zote, hata maganda ya machungwa, zirudi nanyi botini.

Hatua ya 8: Kasa

Kasa wa kijani bado hupanda kutaga Maziwe, lakini kwa kuwa mchanga unazama, mayai yakiachwa hufa. Ndiyo maana watunzaji huyahamisha hadi Ushongo na kuyafukia kwenye uzio salama. Hukaa mchangani siku 50 hadi 60 hivi, na kwa kuwa tarehe ya kutaga huandikwa, watunzaji huweza kukisia wiki ya kuanguliwa. Uliza ukifika tu Ushongo, na ukiweza upige simu kwenye nyumba ya wageni kabla hujafunga safari.

Ukibahatika kuwakuta kasa wadogo wakitoka, simama nyuma yao, pande zote mbili, njia ya kuelekea majini ibaki wazi. Usiwashe taa wala mwanga wa kamera. Usimshike ukidhani unamsaidia. Ule mwendo mfupi mchangani anauhitaji. Na mtu yeyote akikunong'oneza kwamba ana mayai au nyama ya kasa, jibu ni hapana. Ni kosa la jinai, tena ni kuua kazi ya watu wanaoamka usiku kwa ajili ya viumbe hivi.

Hatua ya 9: Mji na mto

Siku ya tatu vuka urudi Pangani mjini. Mavazi yafunike mabega na magoti, na uombe ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha. Tazama milango ya kuchongwa, Boma, na nyumba za kale za mtoni. Hapa ndipo Agosti 1888 kampuni ya Kijerumani ilipandisha bendera yake kwa nguvu, chini ya wakala wake Emil von Zelewski, ambaye watu walimwita Nyundo. Watu wa mwambao wakaasi, wakiongozwa na Bushiri bin Salim al-Harthi, na hapahapa Pangani ndipo Wajerumani walipomnyonga tarehe 15 Desemba 1889. Chukua mwongozaji mwenyeji akutembeze, kwa sababu bila maelezo utaona kuta tu. Usimalize bila kupita sehemu zinazohusu biashara ya utumwa. Zinaumiza, na zinapaswa kuonwa.

Jioni kodi mashua upande mto katikati ya mikoko na minazi. Tumbili utawaona, ndege wengi, pengine na mamba. Mkono usiutumbukize majini.

Mambo yakienda kombo

*Nahodha anasema bahari imechafuka.* Mwamini, hata kama kutoka ufukweni unaiona shwari. Vuta siku moja; kesho yake maji yatapwa dakika 40 au 50 baadaye, bado unayo nafasi. Ikishindikana kabisa, fanya mto siku hiyo, na ukirudi Tanga nenda kisiwa cha Toten ndani ya ghuba, kwenye magofu, au mapango ya Amboni, kilomita 8 hivi kaskazini mwa mji.

*Mtu anatapika botini.* Akae karibu na nyuma, chombo kinapotikisika kidogo, atazame mbali, apewe maji kidogo kidogo. Nahodha apunguze mwendo.

*Yavuyavu amemwasha.* Toka majini, suuza kwa maji ya bahari, si ya kunywa, na usisugue. Nyuzi zilizonata zitolewe kwa ukingo wa kadi au kijiti.

*Amekanyaga miba au amechomwa na taa.* Rudini mapema. Loweka mguu kwenye maji ya moto anayoyavumilia bila kuungua, nusu saa au zaidi, maumivu hupungua. Mwiba wa taa ulioingia ndani usiuvute mwenyewe, apelekwe hospitali. Akianza kushindwa kupumua au uso ukimvimba, msisubiri maji ya moto.

*Mashine imezima katikati.* Nanga ishushwe kama kina kinaruhusu, wote mbaki mmekaa na maboya yenu. Mtandao wa simu hupatikana maeneo mengi karibu na pwani, kwa hiyo namba ya nyumba ya wageni iwe kwenye simu mbili tofauti. Waambie mapema saa mnayotarajia kurudi, ili msipoonekana wajue pa kuanzia kuwatafuta.

*Umekosa pantoni ya mwisho.* Lala Bweni au urudi Ushongo. Wapo watakaojitolea kukuvusha kwa kimtumbwi usiku. Mkondo wa mto huo ni mkali mdomoni, hasa maji yanapotoka, na gizani hakuna atakayekuona ukizama. Lala, uvuke asubuhi.